Wapangaji Wasiolipa Kodi

Tanuri lilikufa alfajiri ya Jumatatu likiwa na mikate ya hospitali tumboni. Halikulipuka wala kutoa moshi. Liliguna mara moja, kama mzee anayeketi, kisha taa yake nyekundu ikazimika. Mwokaji alifungua mlango, akaingiza mkono, akalisikia joto likimkimbia polepole. Mikate ilikuwa imeiva juu na mibichi ndani. Aliitoa yote, trei baada ya trei, akaipanga mezani kana kwamba itauzwa, kwa sababu mikono yake haikujua kazi nyingine ya kufanya saa hiyo.

Fundi alikuja kumekucha. Alilifungua tanuri kwa nyuma, akamulika kwa tochi, akatikisa kichwa na kurudisha skrubu mahali pake.

"Mama, hili si la kutengenezwa. Hili ni la kuzikwa."

"Mwezi uliopita ulisema bado lina miaka mitano."

"Mwezi uliopita lilikuwa hai."

Mume wa Mwokaji alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Majirani walimwita Wakia, naye jina hilo hakulichukia. Alikuwa karani wa mizani kiwandani hadi kiwanda kilipofungwa. Kiinua mgongo chake alikinunulia sarafu nne za dhahabu, kila moja nusu wakia, kile kipimo cha masonara, zilizofungwa katika vifuko vya plastiki ngumu pamoja na vyeti vyake. Tangu hapo kila kitu duniani alikipima kwa dhahabu. Ukimwambia nyama imepanda bei, alikujibu kwamba nyama haijapanda, ni pesa iliyoshuka. Mkewe aliziita sarafu hizo wapangaji.

"Wapangaji wako wameamkaje?" humwuliza kila asubuhi. "Mwaka wa saba huu wanalala kabatini kwangu, hata kodi ya siku moja sijaiona."

"Hawalipi kodi," Wakia hujibu, "lakini wanalinda nyumba."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa. Alisema kuna hoteli iliyofunga milango na inauza vyombo vyake. Wana tanuri la ngazi mbili, zima kabisa, na kabati lake la kuumulia unga. Watamshikia mtu mpaka Ijumaa, si zaidi. Akataja bei.

"Kwa soko la leo asubuhi," Wakia alisema kabla hajaulizwa, "hiyo ni wakia moja na robo tatu."

Fundi alimgeukia Mwokaji. "Anasema nini?"

"Anaongea lugha ya kabatini," alisema Mwokaji. Kisha akamtazama mumewe, bila mzaha safari hii. "Baba watoto, umesema wanalinda nyumba. Haya. Nyumba ndiyo hiyo."


Duka la sonara lilikuwa jembamba kama ujia, na mizani yake ilikaa ndani ya sanduku la kioo ili pumzi za wateja zisiisumbue. Sonara alizigeuza sarafu pande zote mbili bila kufungua vifuko, akasoma namba za vyeti, akataja bei. Ilikuwa bei nzuri. Ilitosha tanuri pamoja na kabati, na ingebakiza pesa ya unga. Wakia alilifahamu hilo kabla sonara hajamaliza sentensi. Alifahamu pia, kwa kuwa simu ilikuwa kiganjani, kwamba tangu alfajiri dhahabu ilikuwa inapanda.

"Ngoja nifikiri," alisema.

"Mzee, unafikiri mwaka wa saba huu. Kila mwezi unakuja kuniuliza zinauzwaje, kama baba anayeulizia mahari ya binti asiyetaka kumwoza."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakacheka. Wakia naye alicheka, kicheko cha mtu aliyepigwa kofi la utani mbele za watu, akazirudisha sarafu katika soksi aliyozibebea.

Nyumbani alimkuta mkewe ameketi juu ya gunia la unga, pochi mapajani, tayari kwenda hotelini.

"Zimeuzwa?"

"Bei inapanda, mama. Ikienda hivi mpaka Alhamisi tutanunua tanuri na tutabaki na sarafu moja nzima. Kwa nini tumpe sonara faida yetu?"

"Na hospitali?"

"Siku tatu tu."

"Wewe, kuna dhahabu iliyowahi kuoka mkate? Tanuri langu lilikuwa linanilipa kila alfajiri. Hao wako wanalala tu, na sasa mimi ndiye niwabembeleze!"

Wakia hakukasirika; kama angekasirika, pengine ingekuwa rahisi zaidi. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye aliiona pesa ya karatasi ikiyeyuka mfukoni. Kiwandani waliahidiwa malipo ambayo yangejenga nyumba, na yalipofika, baada ya kesi na maombi, yaliweza kujenga jiko tu. Walioyaweka benki hawakupata hata hilo jiko. Alichokishika yeye peke yake hakikupungua. Je, akiachie kwa haraka ya siku tatu?

Mwokaji aliiondoa pochi mapajani, akaiweka kando. Alijua mumewe hasemi uongo. Kilichomuuma ni kwamba wote wawili walikuwa wanasema kweli, na kweli ya mumewe ndiyo iliyokuwa imefungiwa kabatini kwa ufunguo.


Siku ya Jumanne Mwokaji alivuka barabara akanunua mikate kwa mwokaji mwenzake, yule ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimcheka kwamba anaoka sponji. Alinunua kwa bei ya rejareja ili auze kwa bei ya mkataba, na kila mkate ulimtia hasara ndogo. Yule mwenzake alimhesabia kwa adabu iliyozidi kiasi, kama muuza nguo.

"Pole na msiba wa tanuri, jirani. Nikufungie au unavaa hivyohivyo?"

"Nifungie."

Hospitalini, msimamizi wa jiko aliinua mkate mmoja akautazama chini na juu. Mikate ya Mwokaji ilikuwa na mgongo laini. Huu ulikuwa na mpasuo katikati.

"Mama, mikate yako imeanza lini kufunga mkanda?"

Wapishi walikoma kumenya. Mwokaji aliusikia uso wake ukipata moto ambao tanuri lake halikuwa nao tena. Alisema tanuri jipya liko njiani.

"Njiani kunatosha mpaka Jumatatu," alisema msimamizi, si kwa ukali. "Wewe nakuheshimu. Ila mkataba unasema mikate yako, si ya mtu mwingine. Nikifumba macho mimi, mwenye kufumbua yuko juu yangu. Jumatatu asubuhi nikiuona mkanda huu tena, nitampa kazi mwenye mkanda."


Siku hiyohiyo jioni dhahabu ilisimama. Jumatano ilianza kushuka.

Haikuanguka, ilishuka ngazi moja moja, kama mgeni anayejifanya haondoki. Wakia alitembea kutoka dirishani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi uani. Alikunywa chai akiwa amesimama. Alianza kukarabati kiti, akakiacha na miguu mitatu. Kila alipoapa hataitazama simu, kidole chake kilikuwa tayari kimeitazama. Dada yake, ambaye alikuja kila wiki kuwajulia hali na kuondoka na mkate wa bure, safari hii hakukuta mkate, akakuta kaka anayezunguka.

"Kaka, ukiendelea hivyo sakafu itatoa cheche. Keti basi."

"Nimeketi."

"Wifi, mumeo anasema ameketi."

"Amini tu, wifi yangu. Humu ndani hata tanuri linasemekana liko njiani."

Wakabaki wanacheka wawili hao, na Wakia akatoka nje akiwa na uso wa mtu aliyesahau kitu asichokumbuka ni kipi. Hakuwa mchoyo. Katika maisha yake alikuwa ametoa uamuzi mmoja tu mkubwa, na ukawa sahihi. Aliogopa kuugusa usije ukageuka kosa mikononi mwake.

Alhamisi mchana alisalimu amri. Alimpigia sonara, hakumpata. Akaamua kwenda mwenyewe hotelini kuwahakikishia kwamba kesho wanakuja na pesa mkononi. Simu yake, kwa kutazamwa mno, ilikuwa imekwisha chaji. Akaiacha kwenye umeme. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kuachana nayo.

Haikupita muda ikalia. Mwokaji aliipokea kwa mkono wenye unga wa chapati.

"Mzee yupo?" Ilikuwa sauti ya sonara.

"Katoka. Mimi mkewe."

"Shikamoo, mama. Mwambie nimeona amenipigia. Nina mteja anataka sarafu nne kama zile zake. Azilete kesho asubuhi; kama ziko safi, nampa bei ya Jumatatu, ingawa soko limeshuka."

"Ya Jumatatu? Ileile?"

"Ileile. Ila ziwe safi, mama. Huyu mteja ni msumbufu. Akiona doa tu hataki."

Mwokaji alikata simu akabaki ameishika kifuani. Kisha akampigia kelele wifi yake, ambaye alikuwa amerudi kuangalia kama kaka ameketi.

Ufunguo wa kabati ulikuwa juu ya kabati lenyewe, mahali ambapo Wakia aliamini hapajulikani. Sarafu hazikuwa kama alivyozidhania. Kwa miaka yote alikuwa ameziona kwa mbali tu, mumewe akizimulika kama daktari anayetazama koo la mtoto, naye alidhani zinang'aa. Plastiki ilikuwa imeingia ukungu na mikwaruzo. Moja, ukiitazama kwa karibu, ilikuwa na alama nyekundu ndogo, kama kutu.

"Safi hizi?" alisema wifi. "Mimi hizi hata bure nisingezichukua."

"Ndiyo maana haziuziki. Mwanamume kakaa nazo miaka saba hajazipitisha hata kitambaa."

Mtu aliyewahi kuingia jiko la Mwokaji asingemlaumu. Trei zake ungeweza kujitazamia uso; mezani pake hata nzi alitua kwa kuomba radhi. Usafi ulikuwa heshima yake yote, nalo neno lile la sonara, safi, lilikuwa limemfikia kupitia mlango aliouzoea. Alikata vifuko kwa mkasi. Alizilaza sarafu katika maji ya moto, sabuni na ndimu, kisha akachukua waya laini wa kusugulia trei na kuanza kazi. Wifi alisuuza, yeye akasugua. Ile alama nyekundu ilikuwa kaidi, akaipa nguvu zaidi, mpaka ncha za vidole zikachubuka. Waliimba kidogo. Walitaniana kuhusu siku Wakia atakayotafuta sababu nyingine ya kutolala. Tangu Jumatatu nyumba haikuwa imesikia furaha kama ile.

Wakia aliporudi alizikuta zimepangwa juu ya kitambaa cheupe, zinang'aa kama macho ya mtoto aliyetoka kuoga, na kando yake vipande vya plastiki vimekusanywa vizuri kwa ajili ya kutupwa.

"Sonara kapiga," alisema mkewe. "Bei ya Jumatatu! Kasema tu ziwe safi."

Wakia alivuta kiti, kile chenye miguu mitatu, akakumbuka, akakisukuma, akaketi juu ya gunia. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi tangu tanuri life.

"Safi," alisema.

"Safi kabisa. Tazama."

Alitazama. Akaviokota vipande vya plastiki, akajaribu kuviunganisha kiganjani. Wifi, ambaye hakuelewa kitu lakini alimjua kaka yake tangu utotoni, alichukua mtandio wake akaaga.


Asubuhi walikwenda pamoja. Njia nzima Wakia alisema mengi ndani ya kichwa chake. Alikuwa amezitunga sentensi zake zote. Angemwambia sonara: unaona, ndugu yangu, hivi ndivyo anavyoharibikiwa mtu kwa kuoa mwanamke asiyeuliza. Angelisema mbele ya wateja ili na yeye mara moja awe upande wa wanaocheka.

Mwokaji, hatua moja nyuma yake, alijua tu kwamba kuna jambo. Aliamini mumewe anawaombolezea wapangaji.

Sonara alizipokea kwa tabasamu, na tabasamu likabaki mdomoni baada ya macho kuliacha. Aliweka lenzi jichoni. Aligeuza ya kwanza, ya pili. Akaitoa lenzi.

"Viko wapi vifuko?"

Mwokaji alimtazama mumewe.

"Mama, mimi nilisema safi. Maana yake haijafunguliwa, haijaguswa. Sikusema isafishwe." Alizungumza kwa upole, na upole wake ulikuwa mzito kuliko kelele. "Sarafu hizi zina bei mbili. Ya chini ni ya dhahabu iliyomo. Ya juu ni ya imani: mnunuzi anakuta imefungwa kama ilivyotoka, haipimi wala hakuulizi. Ukikata kifuko na kuikwaruza uso, imani imekwenda. Inabaki dhahabu."

Aliweka zote nne kwenye mizani, akafunga mlango wa kioo, akangoja namba zitulie. Hata waliokuwa nyuma walinyoosha shingo.

"Uzito karibu uleule," alisema. "Dhahabu haina habari kwamba imesuguliwa. Wanadamu ndio wenye habari. Mteja wangu hazitaki tena. Mimi nitazichukua kwa bei ya kuyeyusha, na ni ya leo, si ya Jumatatu." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu kama watu wengine na duka lilikuwa limejaa, akaongeza: "Lakini nani aliyezipiga waya kama masufuria?"

Kicheko kikapita dukani. Mwokaji alikuwa ameweka mkono juu ya kioo cha kaunta, akitaka kuzikusanya sarafu zake au kujishikilia tu, na Wakia aliuona mkono huo kwa karibu: ncha za vidole zimechubuka, nyekundu, na chini ya kucha bado kuna weupe wa unga. Sentensi alizokuja nazo zilikuwa tayari mdomoni.

"Mimi," alisema.

"Wewe, mzee?" Sonara alimkodolea macho. "Wewe unayejua?"

"Niliona doa. Nikashindwa kutulia."

Hilo wote walilisadiki, kwa kuwa lilifanana naye. Mmoja akasema, "Mzee Wakia, sasa utaitwa Mzee Waya!" na duka zima likapasuka. Wakia alisimama katikati ya kicheko hicho, mikono nyuma, kama mtu anayengoja mvua ipite. Pesa zilipotolewa alimwonyesha sonara kwa kidevu. "Mpe yeye."

Nje, Mwokaji alizitia pesa katika pochi.

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Ungelala?"

"Na pale ndani umedanganya."

"Sikudanganya sana. Nimezisugua kwa macho miaka saba."

Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Alibana pochi kwapani, na kwa mkono ule mwingine akashika mkono wa shati la mumewe, jambo ambalo hawakuwa wakilifanya barabarani.


Pesa hazikutosha tanuri na kabati. Meneja wa hoteli, mtu aliyevaa tai katika jengo lisilo na umeme, alisema vinauzwa pamoja. Mwokaji alisema kabati bila tanuri litapata mnunuzi, kwani hata watu wasiooka huweka nguo. Walivutana mpaka meneja akalegeza tai. Mwishowe tanuri lilipakiwa peke yake, na kabati likabaki ukutani, mlango wazi, likiwatazama wakiondoka. Fundi alilifunga tanuri siku ya Jumamosi. Lilipowaka mara ya kwanza, Mwokaji aliliwekea mkono ubavuni kama anayesikiliza pigo la mtoto tumboni.

"Sasa unga wako utauumulia wapi?" aliuliza fundi.

"Kwenye beseni, chini ya kitambaa, kama bibi zetu. Kazi yake ni moja tu: anatakiwa mtu wa kukaa nao. Ukiuacha unapitiliza, ukiuharakisha unakataa."

Fundi alitazama huku na huku. "Mtu gani humu ndani anayeweza kukaa?"

Alfajiri ya Jumatatu Wakia aliketi. Kiti kilikuwa na miguu minne sasa. Mbele yake palikuwa na beseni mbili kubwa zilizofunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, na nyuma yake tanuri lilikuwa likivuma kwa sauti ngeni, nene kuliko ya lile marehemu. Mkewe alikuwa akipaka mafuta kwenye trei za hospitali. Goti la Wakia lilichezacheza. Alilishika kwa kiganja. Likatulia, likaanza la pili.

Simu ikamulika juu ya paja lake. Hakuwa amekusudia kutazama. Dhahabu ilikuwa imepanda. Imepita bei ya Jumatatu ile, imepita hata ile aliyokuwa akiiota alipotoka kwa sonara na soksi yake. Kichwa chake, kwa mazoea ya miaka, kilikwishafanya hesabu kabla hajakikataza: tanuri, kabati, na sarafu moja nzima kubaki.

Mwokaji aliuona mwanga ule usoni pake. Mkono wake wenye mafuta ukasimama juu ya trei.

"Imepanda?"

Wakia aliilaza simu kifudifudi juu ya gunia. Akakunja mkono wa shati, akainua pembe ya kitambaa, akabonyeza unga kwa kidole kimoja. Shimo lilibaki kidogo, kisha likaanza kujaa polepole, lenyewe.

"Umeumuka," alisema.

Mkewe aliitazama simu, akamtazama yeye.

"Basi ulete," alisema, akafungua mlango wa tanuri.